Akiba ya Uzee na Mwenye Kushika Ufunguo

Hotuba iliyosomwa mbele ya Wazee na Wanachama katika Mkutano Mkuu wa Mwaka, Funzi



Halmashauri imetutaka tuseme machache juu ya swali linaloulizwa sana barazani: je, yafaa mtu aitoe akiba yake ya uzeeni katika mfuko, aitie katika shamba, nyumba au chombo cha baharini, na kuisimamia kwa mkono wake mwenyewe? Swali hili si la upuuzi. Mwezi wa Desemba 2024 kampuni ya Base Titanium ilimaliza kuchimba madini hapa Kwale, na watu waliozoea mshahara wamebaki na haki zao mkononi. Wazee wanakumbuka vile vile kiwanda cha sukari cha Ramisi kilivyofungwa mwaka 1988. Kazi huisha, uzee hauachi kuja.

Wanaotaka kuishika akiba yao wenyewe wana sababu mbili, nasi twaziheshimu. Ya kwanza ni dini. Sheria yaruhusu mifuko ya uzeeni kuweka hata asilimia 90 ya fedha katika hati za mikopo ya Serikali, na hati hizo aghalabu huzaa riba, jambo ambalo Mwislamu hulikimbia. Ya pili ni mazoea. Mtu wa pwani huamini kile akionacho. Huku kwetu mnazi waweza kuwa mali ya mtu hata kama ardhi ni ya mwingine, nao huangua kila msimu mbele ya macho ya mwenyewe.

Vijana wetu wamesikia kwamba huko Marekani mtu huweza kufungua akiba ya uzeeni na kujiamulia mwenyewe inunue nini: nyumba, shamba, hata sehemu ya biashara. Habari hiyo ni ya kweli, na asili yake ni sheria ya mwaka 1974. Lakini waletao habari huleta nusu yake. Mali hiyo haishikwi na mwenyewe, bali hushikwa na mwangalizi aliyekubaliwa na sheria. Mwenye akiba haruhusiwi kuiuzia akiba yake shamba lake mwenyewe, wala kununua kutoka kwa mkewe, wazazi wake au watoto wake. Nyumba iliyonunuliwa kwa akiba hiyo, yeye hawezi kulala ndani yake hata usiku mmoja. Akivunja masharti hayo, akiba yote huhesabiwa kuwa imekwisha kutolewa, naye hudaiwa kodi. Basi hata kule kwenye uhuru mkubwa, anayechagua mali si yeye anayeshika ufunguo.

Hapa Kenya sheria yetu ni ya mwaka 1997, iliyounda Mamlaka ya kusimamia mifuko ya uzeeni, iitwayo kwa kifupi RBA. Kwetu mwanachama wa mfuko hachagui mwenyewe shamba la kununua. Kazi hiyo ni ya wadhamini pamoja na meneja wa fedha. Nao wamewekewa mipaka: majumba na ardhi yasizidi asilimia 30 ya mali ya mfuko, na hisa za makampuni yasiyo sokoni zisizidi asilimia 5. Kumkopesha mtu fedha ya mfuko ni marufuku kabisa. Mtu aachapo kazi kabla ya umri wa kustaafu hapewi yote. Sehemu ya mchango wa mwajiri hubaki ikimngoja. Tena tangu mwaka 2020 mwanachama anaweza kutumia hadi asilimia 40 ya akiba yake, isiyozidi shilingi milioni 7, kununulia nyumba ya kuishi. Asiye na mwajiri naye hakusahauliwa: Mpango wa Mbao, ulioanzishwa mwaka 2011, ulikusudiwa mtu wa jua kali awekaye shilingi 20 kwa siku. Na kwa waogopao riba, mwaka 2023 sukuk ya kwanza ya Kenya, ya shilingi bilioni 3, iliingia katika soko la hisa la Nairobi. Mlango huo umeanza kufunguka, na yatupasa tuwaulize wadhamini wa mifuko yetu kama watapita hapo.

Basi ile sehemu ambayo mtu ameitoa kwa haki, aifanyeje? Wazee wetu walikwisha kutupa jibu kabla ya sheria zote hizi, nalo ni wakfu. Mtu akiwakifisha minazi yake, haiuzwi wala hairithiwi. Huwekwa mtawali, na matunda huwafikia waliotajwa. Mtawali halí mali, na anayekula matunda haukati mti. Hatusemi kila akiba iwe wakfu. Twasema kwamba siri ya wakfu ndiyo siri ya akiba: mti mbali, matunda mbali.

Tutazame chombo, kwa mfano. Katika uvuvi wetu chombo kina fungu lake, nyavu zina fungu lake, na mabaharia wana lao. Mwenye kununua mashua kwa fedha ya uzeeni, kisha akala fungu la chombo pamoja na lake, siku mashine itakapokufa hatakuwa na mashua wala akiba. Na kusi likivuma, bahari ikachafuka, vyombo vingi hulala pwani, uzee haulali.

Kwa hiyo Halmashauri yatoa shauri hili. Kwanza, mtu asitoe kila asichoruhusiwa kukataa. Kinachoweza kubaki mfukoni na kibaki. Pili, asiweke vyote katika kitu kimoja, kiwe shamba au mashua. Tatu, anunuapo kiwanja, aende kwanza kwa Msajili wa Ardhi Kwale kutazama jina lililoandikwa, asitosheke na maneno ya dalali. Nne, fungu la chombo au kodi ya nyumba iwekwe mbali, na watu wawili wasio wa nyumba yake waijue hesabu. Tano, mke na watoto wajue mali iko wapi, kwa maana mali bila daftari hupotea bila habari.

Wazee wetu, fedha ya uzeeni ni amana, na mwenye amana hiyo ni yule mzee ambaye kila mmoja wetu atakuwa iwapo Mungu atampa umri. Yeye hayupo barazani leo kujitetea. Tumsemee sisi.

Mwenyezi Mungu atujalie hekima na umoja.