Kivumbasi Mpakani mwa Shamba



Tumetakiwa kusema machache juu ya ukulima katika sikukuu hii ya miaka kumi. Twaomba radhi mapema, kwani tumekuja kusifu gugu.

Mnakumbuka misimu ile miwili ambayo maboga yetu yalichanua vizuri, kisha vijiboga vikageuka manjano na kuanguka vingali vidogo kama ndimu. Tulilaumu mbolea, tukalaumu mbegu, na wapo waliosema ni husuda ya majirani. Kumbe tulijiletea wenyewe. Mmea wa maboga hutoa maua dume na maua jike mbalimbali. Unga wa dume ni mzito na unanata, wala upepo hauwezi kuuchukua. Ua hufunguka alfajiri, na kabla ya adhuhuri limekwisha kufunga. Katika saa hizo chache nyuki asipopita, hakuna boga. Matango na matikiti nayo humhitaji nyuki vivyo hivyo.

Basi nyuki walikwenda wapi? Kibamba ya leo si ile ya vichaka. Viwanja vimepimwa, nyumba zimesimama, na sisi tuliobaki na mashamba tukaona fahari kupalilia hata mipaka mpaka ardhi ing'ae. Maua ya maboga hudumu majuma machache tu. Nyuki wetu wa Afrika, chakula kikipungua, huhama kundi zima. Na wale wadogo wanaochimba vijishimo ardhini, kila jike na chake, hawawezi kwenda mbali kukitafuta.

Kivumbasi twakijua sote, maana wazee wetu walikichoma jioni kufukuza mbu. Ni cha jamaa ya mrihani, ni mzaliwa wa nchi hii, na kikishashika mizizi hustahimili kiangazi cha Juni hadi Septemba. Maua yake ni madogo, wala hayapambi nyumba ya arusi. Lakini simama karibu nacho saa tatu asubuhi, usikilize.

Masuke yakikauka, yafikiche viganjani. Changanya mbegu na mchanga mkavu, uzinyunyize juu ya udongo laini masika yanapoanza, wala usizifukie, kwani ni ndogo mno. Miche ikiota, ipunguze, uache hatua moja kati ya shina na shina. Maua yakipungua, kata nusu ya mstari na nusu uiache, ili nyuki wasilale njaa, kilichokatwa kitachipua.

Mjumbe mmoja alituuliza kama kichaka hicho hakitaficha nyoka. Swali ni la haki. Kisizidi kimo cha kiuno, na chini yake pafagiliwe. Tena mstari huo hula ardhi ya matuta mawili ya mihogo, nasi tuliitoa kwa kusitasita. Msimu uliofuata vijiboga vilivyoanguka vilikuwa vichache. Hatusemi ni kivumbasi peke yake, maana mwaka huo huo tuliacha kunyunyiza dawa ya wadudu asubuhi. Anyunyizaye maua yakiwa wazi anawaua vibarua wake mwenyewe; ikiwa hapana budi, na iwe jioni, na mstari wa kivumbasi usiguswe.

Mbegu tulizovuna zimo katika vikaratasi juu ya meza ya karani. Kila mwanachama achukue kimoja kabla ya chakula, maana baada ya pilau hatuwezi kudhamini kwamba vitabaki.