Hema la Kifahari na Babu Aliyehamishwa



Januari iliyopita nililala siku mbili katika kambi ya mahema jirani na hifadhi ya Ranthambore, Rajasthan, India. Msisikie hema mkadhani turubai. Ndani mna kitanda cha mbao, zulia, bafu, hata chupa ya maji moto chini ya blanketi, maana usiku baridi inauma. Na kwenda kumtazama chui milia wanakuita kwa neno letu: safari.

Kijana aliyeniletea chai alfajiri aliniambia babu yake alizaliwa ndani ya pori lile. Zamani Maharaja wa Jaipur aliwinda humo. Mwaka 1973 India ilianzisha Mradi wa Chui Milia, Ranthambore ikawa kati ya hifadhi 9 za mwanzo, na vijiji vikahamishwa. Leo mjukuu anawatandikia wageni vitanda.

Mimi sipingi uhifadhi. Chui milia wameongezeka, na hilo ni jema. Lakini sheria ya India ya haki za misitu, inayotaka kijiji kiridhie kwanza, ilipitishwa mwaka 2006. Babu alikwisha kuhama zamani.

Sisi wa Tanzania tusicheke. Tangu 2022 familia za Ngorongoro zinahamia Msomera, Handeni. Serikali inasema ni hiari. Wapo Wamasai wanaokataa katakata. Basi kabla ya kuhesabu dola za watalii, tuulize: nani aliulizwa, na alijibu nini?