Kwa Nini Simba Huishi kwa Ukoo: Chimbuko la Tabia za Kijamii za Wanyama



Aliyewahi kupanda mwembe huku Pwani anawajua chungu waitwao maji moto. Hujafika hata tawi la tatu, tayari wako shingoni, wameng'ata na kumwaga asidi yao penye jeraha. Lakini mwenye subira akisimama chini ya mti ule ule na kuwatazama wakishona kiota, ataona jambo kubwa. Chungu hujipanga ukingoni mwa jani moja na kulivuta jani la pili. Likiwa mbali, mmoja humshika mwenzake kiuno, naye huyo hushikwa na mwingine, mpaka mnyororo ufike. Kingo zikikutana, huja wengine wamebeba mabuu midomoni. Buu hupelekwa jani hili na jani lile kama sindano, huku akitoa uzi mweupe wa hariri unaoyaunganisha. Kwa chungu wengi, hariri hiyo ndiyo buu anayojisokotea kifuko chake mwenyewe. Buu wa maji moto huitoa yote kwa ajili ya nyumba.

Vibarua hao wote ni majike, na mama wa kundi ni malkia mmoja. Wao hufanya kazi mpaka kufa, na wakizeeka ndio hukaa mpakani mwa himaya, mahali pa kufa kwanza adui akija. Wakulima wa minazi Zanzibar wananufaika na ukali wao, kwa kuwa huwafukuza kunguni wanaofyonza vidaka na kuviangusha kabla ya wakati.

Vibarua hao hawazai, na Charles Darwin aliliona tatizo la hali hiyo mwaka 1859. Uteuzi wa asili humpendelea kiumbe anayeacha watoto wengi. Sasa kibarua asiyezaa anarithishaje tabia yake ya kutozaa?

Shuleni nilipewa jibu jepesi: wanyama hufanya hivyo kwa manufaa ya spishi. Nililiandika kwenye mtihani nikapata alama, na nilipoanza kufundisha nikalipitisha kwa wanafunzi wangu. Sio sisi peke yetu. Mwaka 1962 V. C. Wynne-Edwards, mtaalamu wa Uingereza, alitoa kitabu kinene akidai kwamba wanyama hujizuia kuzaa ili kundi lisimalize chakula. Udhaifu wa hoja hiyo ni huu: katika kundi la wanaojinyima, akizaliwa mmoja asiyejinyima, yeye atakula vizuri zaidi na kuzaa zaidi, na watoto wake watarithi tabia yake. Baada ya vizazi kadhaa, wenye kujinyima watakuwa wamekwisha. Manufaa ya spishi hayana njia ya kumzuia mdoezi.

Jibu lenye nguvu lilikuja mwaka 1964 kutoka kwa kijana wa Uingereza, W. D. Hamilton. Aliona kwamba jeni ina njia mbili za kufika kizazi kijacho: kupitia watoto wako, na kupitia jamaa zako wenye jeni hiyo hiyo. Mtoto wako ana nusu ya jeni zako. Ndugu yako wa baba na mama ana nusu pia, kwa wastani. Mliochangia mzazi mmoja, robo. Binamu, sehemu moja ya nane. Basi tabia ya kujitolea inaweza kuenea ikiwa faida anayopata jamaa, ikizidishwa kwa kima cha undugu, inazidi hasara ya mtoaji. Kibarua wa maji moto anapomlea mdogo wake hajapoteza hesabu. Jeni zake zinasafiri kupitia tumbo la mama yake.

Hapa nawaomba tuwe waangalifu, maana vitabu vingi hurahisisha mno. Chungu na nyuki wana utaratibu wa pekee wa kurithi, ambapo dume hutokana na yai lisilorutubishwa, na hivyo madada wa baba mmoja huchangia robo tatu ya jeni. Wengine wakadhani robo tatu hiyo ndiyo siri yote. Siyo. Mchwa hurithi kama sisi, na wana mfalme, malkia, askari na vibarua. Fuko asiye na manyoya, anayechimba chini ya ardhi kavu ya Kenya, Somalia na Ethiopia, naye hurithi kama sisi. Mwaka 1981 Jennifer Jarvis alionyesha kwamba mnyama huyu, mamalia anayenyonyesha, huishi kama mchwa: jike mmoja tu huzaa, na waliobaki, wastani wa sabini au themanini, huchimba, hulinda na hulea. Undugu upo, lakini mazingira nayo yanasukuma. Viazi vya porini anavyokula viko mbalimbali, na udongo huchimbika vizuri mvua inaponyesha tu. Fuko aliye peke yake hufa na njaa kabla hajakifikia kiazi cha pili.

Mfano ninaotaka tukae nao zaidi ni simba wa Serengeti. Chui huishi peke yake, na chuimilia pia, lakini simba jike huishi na mama yake, dada zake na shangazi zake. George Schaller alianza kuwachunguza mwaka 1966, wengine wakaipokea kazi, na tangu 1978 Craig Packer na Anne Pusey wakaiendeleza kwa miongo. Kila simba alitambuliwa kwa madoa yaliyo kwenye mizizi ya sharubu zake, na maisha yake yakaandikwa tangu kuzaliwa.

Muulize mwanafunzi yeyote kwa nini simba hukaa pamoja, atakujibu: wawinde vizuri. Nami ningejibu hivyo hivyo. Lakini ilipopimwa nyama anayokula kila jike, majibu yalikuwa mengine. Wakati wa uhaba, jike aliye peke yake hula karibu sawa na aliye katika kundi la watano au sita, na walio wawili mpaka wanne hula pungufu yao. Tena windo likiwa rahisi kwa mmoja, wenzake mara nyingi hukaa wakamtazama.

Sababu kubwa ni watoto na ardhi. Madume hutawala ukoo kwa miaka michache tu, kisha hufukuzwa na wengine. Madume wapya hukuta watoto wasio wao, na mama anayenyonyesha hapati joto mpaka watoto wakue, karibu miaka miwili. Hivyo huwaua. Karibu robo ya vifo vya watoto wa simba katika mwaka wa kwanza hutokana na madume wageni. Mama mmoja hana ubavu mbele ya dume anayemzidi uzito kwa nusu. Mama watatu waliokusanya watoto wao pamoja wana nafasi. Ndiyo maana huwalea kwa pamoja na hata kuwanyonyesha wa wenzao, ingawa kila mmoja hupendelea wa kwake. Na ardhi wanayoilinda ni ile iliyo karibu na makutano ya mito, penye maji, kivuli na windo. Koo kubwa ndizo huishika, na binti hurithi kwa mama, kama shamba la ukoo.

Hesabu ya Hamilton ilipata mtihani mzuri kwa madume hawa. Vipimo vya vinasaba vilivyochapishwa mwaka 1991 vilionyesha kwamba katika vikosi vikubwa vya madume, baadhi hawaachi hata mtoto mmoja. Vikosi hivyo vikubwa ni vya ndugu na binamu tupu. Dume asiye jamaa hupatikana katika vikosi vya wawili au watatu tu, mahali ambapo yeye mwenyewe ana tumaini la kuzaa.

Lakini undugu haukumaliza maswali. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1995, Robert Heinsohn na Packer walicheza kwa vipaza sauti ngurumo za majike wageni. Katika koo hizo walitokea waliotangulia mbele, na waliobaki nyuma makusudi. Waliotangulia waligeuka kuwatazama wanaosuasua, maana yake waliwajua, lakini hawakuwaadhibu. Wadoezi wamo ndani ya ukoo, na ukoo unasimama. Hapo ndipo mwanafunzi mwenye akili anapaswa kuachwa afikiri, badala ya kupewa jibu la kukariri.

Nimalizie na faida nyingine ya kuishi kwa ukoo, yaani kumbukumbu ya wazee, kwa mfano wa tembo wa Tarangire. Mwaka 1993 kulikuwa na ukame mkali, na katika miezi tisa watoto 16 kati ya 81 waliokuwa wakifuatiliwa walikufa. Charles Foley na wenzake waliona kwamba familia zilizotoka nje ya hifadhi kutafuta maji na malisho zilipoteza wachache. Zilikuwa na mabibi waliouona ukame wa mwaka 1958 hadi 1961. Kundi lililobaki ndani halikuwa na jike wa umri huo, kwa sababu ujangili wa miaka ya 1970 na 1980 uliwamaliza. Risasi iliyompiga bibi kwa ajili ya pembe iliwaua wajukuu waliokuwa bado hawajazaliwa.

Walimu wenzangu, nina maombi mawili. Tuliondoe jibu la "manufaa ya spishi" katika daftari za wanafunzi, na tunaposahihisha tumuulize mtoto: nani anafaidika, na ni jamaa wa nani? La pili, shule nyingi za Pwani zina mwembe au mchungwa wenye maji moto. Wapelekeni watoto chini ya mti huo nusu saa, na daftari mkononi, waandike wanachokiona kabla hamjawaambia lolote.