ADUI HUACHA NYAYO KATIKA MKOJO

Wasikilizaji, askari mlinzi hufundishwa kumtambua adui kwa nyayo zake kabla ya kumwona uso. Katika vita dhidi ya kifua kikuu, maradhi yanayomkondesha mtu hata akabaki mifupa na ngozi, matabibu nao wamepata nyayo za kufuata. Nyayo hizo zimo katika mkojo wa mgonjwa.

Kwa miaka mingi ugonjwa huu umetafutwa katika makohozi. Lakini mgonjwa mwenye virusi vya Ukimwi aliyekwisha dhoofika mara nyingi hawezi kutoa makohozi, na pengine vijidudu vimekwisha enea mwilini mwake. Hapo sehemu ya ganda la vijidudu hivyo, iitwayo lipoarabinomanani, hutoka pamoja na mkojo. Matone machache hutiwa juu ya kijikaratasi, na baada ya dakika 25 jibu husomwa kwa macho, pasipo mtambo wala umeme.

Kati ya mwaka 2015 na 2017 kipimo hicho kilijaribiwa katika Hospitali Kuu ya Zomba, nchini Malawi, na katika hospitali ya Edendale, Afrika Kusini. Walichunguzwa wagonjwa wapatao 2,600 wenye virusi vya Ukimwi waliolazwa. Miongoni mwa waliopimwa makohozi tu, watu 21 katika kila 100 walifariki ndani ya siku 56. Miongoni mwa waliopimwa na mkojo pia, walifariki 18. Tofauti hiyo peke yake haikutosha kuondoa shaka. Lakini kwa wale ambao kinga yao ilikuwa imeshuka mno, wenye upungufu mkubwa wa damu, au walioshukiwa na madaktari tangu mwanzo kuwa na kifua kikuu, vifo vilipungua dhahiri.

Fundisho ni kwamba kila silaha ina shabaha yake. Kwa mtu ambaye kinga yake bado ina nguvu, mkojo usioonyesha kitu si ushahidi wa uzima. Makohozi yake hayana budi kupimwa.

Jambo hili linawahusu hasa wanaoishi kwa kusongamana. Katika wilaya ya Dowa, ulimo mji mdogo wa Madisi, kaskazini ya Lilongwe, ipo kambi ya wakimbizi ya Dzaleka. Palikuwa gereza, na tangu mwaka 1994 ni makazi ya wakimbizi. Ilikusudiwa watu kati ya 10,000 na 12,000. Sasa wamezidi 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda, na Kiswahili husikika humo kila siku. Penye msongamano kama huo, kikohozi cha mmoja ni hatari ya wote. Bweni la askari na chumba cha mahabusu havina tofauti.

Kwa hiyo kamanda anayemwona askari wake akikohoa kwa wiki mbili, akikonda na kutoka jasho usiku, asimwite mvivu, ampeleke hospitali. Polisi naye amfanyie mahabusu vivyo hivyo. Ugonjwa huu unatibika, na tiba ya kawaida huchukua miezi sita. Askari anayeficha kikohozi halindi heshima ya kikosi chake, bali anamfungulia adui lango.