Mwenye Kuuguza Naye Apumzishwe

Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Burnt Forest



Katika hesabu mliyosomewa punde hivi mmesikia fedha tulizotoa kwa wagonjwa na kwa maziko. Hesabu ni safi, nasi twamshukuru mtunza hazina. Lakini yuko mtu asiyeonekana katika safu yo yote ya kitabu kile, naye ni yule akaaye na mgonjwa nyumbani, usiku na mchana, bila mshahara wala siku ya kupumzika.

Hapa kwetu mtu akipatwa na kiharusi hupelekwa Eldoret, katika Hospitali ya Rufaa ya Moi, kisha huruhusiwa kurudi. Tangu hapo wadi ni nyumba yake, na muuguzi ni mke, au binti, au mkaza mwana. Kazi yenyewe wengi wetu wanaume hatuijui. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza sharti ageuzwe kila baada ya saa 2 hivi, hata usiku, asije akapata vidonda vya kulala. Alishwe pole pole asipaliwe. Nguo zake zifuliwe, na katika baridi ya Burnt Forest hazikauki upesi. Ng'ombe nao wangoja kukamuliwa, na viazi vyangoja jembe.

Mwaka uliopita tulikwenda kumtazama mzee mmoja aliyekuwa kitandani mwaka wa 4. Tulikuwa watu 11, tumechukua unga na sukari. Mkewe alitupikia chai, tukakaa saa 3, tukasali, tukaondoka tukijisifu. Baadaye jirani alitueleza ya kwamba mama yule aliosha vikombe mpaka usiku, na kwamba hakuwa amefika kanisani tangu Pasaka. Baada ya miezi 2 alianguka jikoni, akalazwa kwa ugonjwa wa shinikizo la damu. Ikatubidi kuchanga kwa wagonjwa 2. Twakiri kwamba kosa lile ni letu.

Wako watakaosema kuwa kuuguza ni wajibu wa jamaa. Ni kweli. Lakini zamani nyumba ilikuwa na mikono mingi. Leo vijana wako Nairobi kutafuta riziki, watoto wako darasani, na mzigo wa watu 10 umemwangukia mmoja. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 57, yataja matunzo ya mzee kutoka kwa jamaa yake na kwa Serikali pia. Mpango wa Inua Jamii huwapa wenye ulemavu mkubwa shilingi 2,000 kwa mwezi. Ni msaada, ila fedha hizo hazinunui usingizi.

Wala si kwetu tu. Huko Uingereza, kasisi wa kike aitwaye Mary Webster aliacha kazi mwaka 1954 awatunze wazazi wake. Mwaka 1963 aliandika barua magazetini, wanawake wengi wenye taabu ile ile wakamjibu, na mwaka 1965 wakawa na chama chao. Posho ya wenye kuuguza ilianza huko mwaka 1976, lakini wanawake walioolewa walinyimwa mpaka mwaka 1986, kwa kudhaniwa ya kuwa wao wapo nyumbani hata hivyo. Dhana hiyo hata hapa mkutanoni imo.

Basi Halmashauri yaomba jambo moja. Kila nyumba yenye mgonjwa wa kitandani ipate wanachama 2, siku moja katika juma, toka asubuhi hata jioni. Waje na chakula chao. Kwanza wafundishwe na muuguzi namna ya kumgeuza mgonjwa na kumlisha, kwani nia njema isiyojua kazi yaweza kumwumiza. Mgonjwa mwanamume apewe wanaume. Na hapo ndipo penye shida, maana waliojiandikisha hata sasa ni wanawake 14 na mwanamume mmoja. Siku hiyo mwenye kuuguza asiulizwe aendako. Akitaka kulala tu, na alale.

Kitabu cha majina kiko juu ya meza ya mtunza hazina. Nyumba 6 zangoja, na ya kwanza yataka watu Jumamosi hii.