Mjuzi wa Maumbile wa Kujitolea: Funzo kutoka Mbulu na Hanang

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya watumishi wa Serikali na wananchi. Yanachapishwa hapa kwa faida ya wasomaji wote.)



Nimeombwa nizungumzie mafunzo ya mwananchi anayejitolea kuyajua na kuyaandika maumbile ya pahala anapoishi, hata akastahili kupewa cheti. Sisi wa Unguja, tulio na Jozani iliyotangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa mwaka 2004, tunafahamu kwamba kima punju hahesabiwi na mtu aliyekaa ofisini. Lakini leo nitachukua mfano wa bara, Wilaya za Mbulu na Hanang katika Mkoa wa Manyara, kwani huko uzito wa jambo hili umedhihirika.

Watu wa huko hawakosi ujuzi. Wairaqw, Wadatoga na Wahadzabe ni majirani, ingawa lugha zao hazina asili moja, na mti mmoja waweza kuwa na majina matatu. Katika Bonde la Yaeda, Mhadzabe humfuata ndege anayemwongoza mpaka penye asali ya mwituni, wala hakufundishwa hayo darasani. Kinachokosekana ni maandishi. Mzee akifariki, aliyoyajua kuhusu chemchemi iliyokauka au mnyama aliyehama huzikwa pamoja naye.

Kwa hiyo mafunzo hayana budi kuwa na mambo matatu. Kwanza, kutambua: jina la wenyeji liandikwe, kisha la Kiswahili na la kitaalamu. Pili, kuandika: tarehe, pahala, idadi, na nani aliyeona. Asiyeona kitu naye aandike kwamba hakuona, kwani hiyo pia ni habari. Tatu, kujua mipaka: mjuzi wa kujitolea si askari. Askari wa wanyamapori wa vijiji wana mafunzo yao, mathalan yale ya chuo cha Likuyu Sekamaganga, Namtumbo, na mamlaka yao hutokana na sheria.

Ndugu wananchi, jambo hili si ndoto. Wilayani Babati, jirani na Hanang, vijiji 8 vilikabidhiwa ulinzi wa msitu wa Duru-Haitemba katika miaka ya 1994 na 1995, na walinzi wakachaguliwa na wanakijiji wenyewe. Huko Yaeda, Wahadzabe walipata hati ya kimila ya ardhi yao mwaka 2011, na walinzi wa jamii hutembea porini na kuweka kumbukumbu za wanyama na za uharibifu wanaoukuta.

Sasa nitaje lililo zito. Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, tope, mawe na miti viliporomoka kutoka Mlima Hanang hadi Katesh na vijiji vya jirani, na watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha. Sidai kwamba daftari lingeuzuia mlima. Nasema tu kwamba dalili za mlima huonekana kwanza na anayeishi chini yake: ufa mpya ardhini, chemchemi iliyogeuka rangi, mto uliopungua ghafla ilhali mvua inanyesha. Mtu aliyefunzwa huzijua dalili hizo na huziandika siku ile ile.

Lakini akishaandika, nani atasoma? Hapa nawageukia watumishi wenzangu. Cheti ni ahadi ya pande mbili. Mwananchi huahidi kuandika kweli. Ofisi huahidi kusoma na kumjibu. Taarifa ikilala kabatini mwaka mzima, aliyeileta hatarudi, nasi tutasema wananchi hawana mwamko. Wala kujitolea kusifanywe kisingizio cha kumtumikisha mtu bure: viatu, daftari na nauli ya kufikisha taarifa si anasa.

Rai yangu ni kwamba kila ofisi itakayotoa vyeti hivyo imteue kwanza mtumishi mmoja wa kupokea taarifa na kuzijibu, ndipo iwaite wananchi mafunzoni.