Shamba la Kulimia Kulungu

Mada iliyotolewa na Mratibu wa Miradi wa Dayosisi kwa kamati za miradi na uhusiano za sharika



Nimeombwa kuzungumzia maandalizi ya mashamba mapya ya sharika. Nitafika huko, lakini kwa ruhusa yenu nitapitia kwanza Wisconsin, Marekani, kwa sababu kuna swali ambalo limezunguka katika kamati zetu kwa muda na halijapata jibu.

Rafiki mmoja wa usharika mwenza alituma picha za ardhi aliyoinunua pamoja na ndugu zake kwa ajili ya uwindaji. Picha moja ilionyesha uwanja wa kijani katikati ya msitu, na maelezo yake yalisema wamepanda mazao kwa ajili ya kulungu. Mwaka huo huo ahadi ya usharika ule kwa mradi wetu ilipungua. Mzee mmoja wa kamati akauliza mbele ya watu: "Mbegu na mbolea za kulishia wanyama wa porini zipo, ila sisi tunaambiwa fedha hazipo?" Wengine walicheka. Mimi niliona ni swali la haki, na swali la namna hiyo likiachwa linakaa moyoni na kuchachuka.

Nilipokwenda Wisconsin na ujumbe wa dayosisi, mwenyeji wangu, mkulima mstaafu, alikuwa kwenye kazi hiyo hiyo ya kuandaa ardhi mpya. Nilitembea naye na kuuliza maswali mengi. Nitaeleza nilichoelewa.

Tuanze na mnyama. Kulungu wa kule si yule tunayemfahamu hapa. Pembe za dume hudondoka kila mwaka na kuota upya, na mkia ni mweupe kwa chini. Akishtuka anauinua kama kitambaa. Miaka ya 1900 alikuwa amekaribia kwisha katika sehemu kubwa ya Marekani, maana aliwindwa kibiashara bila mpaka. Sheria zilikazwa, na mwaka 1937 Bunge lao lilipitisha sheria kwamba kodi ya bunduki na risasi irudi kwenye majimbo kwa ajili ya kuhifadhi wanyamapori. Leo wanakadiriwa kuwa takriban milioni 30. Wanakula mahindi na soya za wakulima, wanakula miche ya miti, na usiku wanagongwa na magari. Kwa hiyo kule anayewinda kwa leseni na kwa idadi aliyopangiwa haonekani mharibifu. Serikali ya jimbo inamtegemea apunguze wanyama.

Jambo la pili liliwashangaza wengi nilipolieleza nyumbani. Ardhi ni mali ya mtu, lakini kulungu si mali yake. Kama ilivyo kwetu, mnyamapori ni mali ya umma. Unaweza kulima, kupanda na kugharamia mwaka mzima, na siku ya kwanza ya msimu mnyama akahamia kwa jirani, akapigwa huko, na huna la kusema. Msimu wa bunduki Wisconsin kwa desturi ni siku tisa tu, kuanzia Jumamosi iliyo kabla ya sikukuu yao ya shukrani mwezi Novemba. Shule na viwanda vya vijijini vinaujua msimu huo kama sisi tunavyoujua msimu wa kupanda.

Sasa hivyo vishamba vya malisho. Ardhi za kule zimepimwa kwa viwanja vya mraba, na ekari 40 ni kipande cha kawaida. Katika hizo, pengine ekari moja au mbili ndizo hulimwa, zikigawanywa vipande vidogo; vingine havizidi robo ekari. Sehemu kubwa hubaki msitu. Mwenyeji wangu aliniambia wazi kwamba kukata baadhi ya miti ili jua lifike chini kunaotesha chakula kingi cha kulungu kuliko kishamba chochote. Kishamba kazi yake hasa ni kumleta mnyama mahali anapoweza kuonekana. Nilipenda ukweli huo. Hakuniambia analisha viumbe vya Mungu. Alisema anataka nyama, na anataka wajukuu wake wakae naye msituni.

Kazi yenyewe huanza kwa kutolima. Mwezi Machi, kabla majani hayajatoka, mwenye ardhi huitembea yote. Theluji inapoyeyuka, njia za wanyama zinaonekana kama mistari kwenye kiganja. Anaona miti iliyochubuliwa na pembe, anaona mahali wanapolala mchana. Mahali hapo anapachora kwenye ramani na hapaingii tena hadi msimu upite, kwa kuwa kulungu akisumbuliwa kitandani anahama. Anauliza pia upepo wa Novemba unatoka wapi kwa kawaida. Kulungu anaishi kwa pua. Kishamba kizuri ambacho mwindaji hawezi kukifikia bila harufu yake kutangulia hakina faida, hata kama mazao yamestawi. Vilevile hakiwekwi karibu na barabara, maana wezi wa wanyama wapo hata huko.

Ndipo linakuja dungu. Ndiyo, dungu hili hili letu, kichanja cha juu mtini au cha nguzo, isipokuwa mkaaji wake hujifunga mkanda asianguke. Sisi tunakesha dunguni kumfukuza nguruwe pori asile. Wao wanaamka alfajiri kukaa dunguni wakimngoja kulungu aje ale. Mama mmoja wa kikundi chetu cha mahindi aliposikia hivyo alisema wabadilishane: wawachukue nguruwe wetu, wasilipe hata senti.

Hapo bado mbegu haijanunuliwa. Kinachofuata ni udongo, na hapa naomba kamati za miradi mnisikilize kwa makini. Mwenyeji wangu alichukua ndoo ya plastiki, akachimba sehemu kumi na zaidi katika kishamba kimoja, kila shimo kina cha sentimeta 15, akachanganya, akapeleka kiasi kidogo maabara. Kwa robo ekari ya chakula cha mnyama asiyekuwa wake! Majibu yakaja: udongo ni mchachu, pH kama 5.5. Udongo wa msituni, hasa penye misonobari, mara nyingi huwa hivyo. Klova, jani ambalo kulungu hulipenda na ambalo hudumu miaka mitatu au zaidi, linataka pH ya karibu 6.5. Akielekea dukani moja kwa moja, angemwaga mbegu na mbolea, na mbolea nyingi ingefungwa kwenye udongo bila mmea kuitumia.

Dawa ya uchachu ni chokaa ya kilimo. Kiasi kinategemea kipimo, lakini tani mbili kwa ekari si ajabu. Mahali lori lisipofika, hiyo ni mifuko kama mia moja ya kilo 18 kwa kila ekari, ikibebwa kwa kigari kidogo. Chokaa nayo haifanyi kazi kwa wiki. Inahitaji miezi, na huenda vizuri zaidi ikichanganywa na udongo. Kwa hiyo mwaka wa kwanza hakupanda klova. Alipanda rai, nafaka ya jamii ya ngano inayovumilia udongo dhaifu na baridi, mwishoni mwa Agosti. Inaota haraka, inafunika magugu, kulungu wanaila ikiwa changa, na udongo unapata nafasi ya kupona.

Klova ilisubiri Machi ya mwaka wa pili. Mbegu yake ni ndogo kuliko ulezi, na ukiifukia zaidi ya nusu sentimeta nyingi haitoki. Wenyeji wana mbinu ambayo sisi watu wa joto hatungeibuni: wanaimwaga juu ya udongo wakati usiku kunaganda na mchana kunayeyuka. Udongo unapasuka na kufunga, unapasuka na kufunga, na mbegu inazama yenyewe kiasi kinachoitosha. Hakuna jembe wala haro.

Jirani yake alikuwa na haraka. Alipanda soya nusu ekari mwaka ule ule alionunua ardhi. Soya ni chakula kizuri, lakini kulungu hula majani yake mara tu yanapochomoza, na kwa eneo dogo namna hiyo hazikufika hata magotini. Ziliisha Julai. Msimu ulipofunguliwa Novemba, pale palikuwa na magugu.

Nimalizie sehemu hii na kitu kidogo kilichonifurahisha kama mtu wa miradi. Katikati ya kila kishamba kuna kizimba cha waya, upana wa mita moja hivi, ambamo mnyama hawezi kuingiza mdomo. Baada ya wiki kadhaa unalinganisha ndani na nje. Kama ndani mmea umefika kiunoni na nje umefyekwa, mbegu ni nzuri na walaji wamezidi. Kama ndani na nje kote ni duni, tatizo ni udongo. Waya wa bei ndogo unatoa jibu ambalo ripoti zetu nyingi za kurasa ishirini hazitoi.

Nirudi kwa mzee wetu na swali lake. Je, ni haki mtu alime chakula cha mnyama na kupunguza mchango? Sina jibu moja. Fedha za uwindaji za mtu mmoja na ahadi ya usharika si mfuko mmoja. Katika barua yao walieleza kwamba washarika wamepungua na paa la kanisa lao lilihitaji kutengenezwa; hiyo ndiyo sababu waliyotoa, na sina sababu ya kutowaamini. Pia nyama ile haitupwi. Tangu mwaka 2000 Wisconsin ina mpango ambao mwindaji anaweza kumpeleka kulungu kwa mchinjaji aliyejiandikisha, nyama ikasagwa na kupelekwa kwenye maghala ya chakula ya watu wenye shida. Nchi tajiri nayo ina wenye njaa, na ni vizuri kamati zetu zilijue hilo kabla ya kuandika barua.

Hata hivyo nisiwatetee kupita kiasi. Ardhi ya uwindaji inapanda bei, na vijana wasio na mashamba ya kurithi wanakosa pa kuwinda. Kuna pia ugonjwa wa ubongo wa kulungu usio na tiba, uliogunduliwa Wisconsin mwaka 2002, unaoambukizwa kwa mate, mkojo na hata udongo. Kwa sababu yake, kumwaga mahindi chini ili kuwakusanya wanyama kumepigwa marufuku katika wilaya nyingi za jimbo hilo. Mazao yaliyopandwa hayamo katika marufuku hiyo, kwa kuwa mnyama anakula akitawanyika, lakini wapo wataalamu wasiopenda chochote kinachowakusanya. Kwa marafiki wanaosoma: mkituma picha za kishamba, ongezeni mistari miwili ya maelezo. Huku neno "kulima" lina uzito wa chakula cha mwaka.

Kwa kamati zetu nina jambo moja la utekelezaji. Tunapeleka maandiko ya miradi ya mashamba mapya yakiwa na bei ya mbegu, mbolea na trekta, na ukurasa wa udongo haupo. Sehemu nyingi za nyanda zetu za juu zina udongo mchachu; mbolea ya gharama inawekwa, mahindi yanabaki njano, na mwaka unaofuata tunaandika kwamba mvua haikutosha. Mtu anayelimia kulungu anapima. Sisi tunaolimia watoto wa chekechea na wajane hatupimi. Nimekubaliana na Katibu Mkuu kwamba kuanzia msimu ujao andiko la shamba jipya lisiloambatana na majibu ya maabara halitatoka ofisini kwangu. Sampuli zinapokelewa Chuo Kikuu cha Sokoine Morogoro, na vituo vya utafiti wa kilimo vya Uyole na Mlingano vinafanya kazi hiyo pia. Gharama ya kipimo itaingizwa kwenye bajeti ya maandalizi, siyo mfukoni mwa mkulima.

Kama majibu yatadai chokaa, andiko liwe la miaka miwili, na mwaka wa kwanza upandwe zao linalovumilia. Wafadhili waliozoea kuona picha ya mavuno ndani ya miezi kumi watauliza. Waambieni wawaulize wawindaji wa usharika wao. Watawaelewesha kuliko mimi.

Ndoo, mifuko ya sampuli na fomu vipo kwa Mama Mtunza Stoo. Chimbeni baada ya mavuno, sentimeta 15, msichanganye udongo wa bondeni na wa mlimani, na andikeni jina la usharika ndani na nje ya mfuko. Zinifikie kabla ya mwisho wa Agosti, ili chokaa iwe imeingia shambani kabla ya mvua za Novemba. Na usharika uliotumiwa zile picha bado haujajibu barua. Andikeni wiki hii, mmwulize yule rafiki pH yake ilikuwa ngapi.